Daftari la sokoni Lamu: jaribio lipi lipime kama mnunuzi anachagua kwa mantiki?

Mtoto wa jirani yetu hapa Langoni, anayesoma uchumi chuoni, alinijia likizo hii na madaftari matatu ya bibi yake. Ni yale ya mistari ya watoto wa shule, na ndani yake bibi ameandika kila alichonunua sokoni kwa miaka kadhaa: samaki, nazi, mchele, maharagwe, mafuta ya kupikia, mkaa. Mwalimu wa kijana amempa kazi ya kupima kwa takwimu kama mnunuzi huchagua kwa mantiki. Amesoma, akakuta majaribio mengi, kila moja na wenyewe wanaolisifu. Akaniuliza, "Mwalimu, nishike lipi?"

Nilimjibu barazani, lakini maneno ya barazani hupeperuka, na najua wanafunzi wengine wamekwama palepale alipokwama yeye. Kwa hiyo nayaweka majaribio haya ubavu kwa ubavu. Msimamo wangu nautanguliza: kabla ya kuchagua jaribio la kumpima bibi, chagua jaribio la kuzipima data zake, ujue kama zina uwezo wa kumkamata angekosea. Ripoti nyingi nilizosoma zimeliruka hilo, na ndiyo maana karibu kila mnunuzi ndani yake anatoka msafi.

Neno moja kuhusu "mantiki". Hapa halimaanishi busara wala kubana matumizi. Mtu anaweza kumaliza pesa yake yote kwenye soda na biskuti akafaulu kila jaribio. Linalopimwa ni uwiano: je, machaguo yake yote yanaweza kutoka kwa mtu mmoja mwenye mapendeleo yasiyojipinga? Mwanafunzi asiyelishika hili ataishia kumhukumu bibi yake kwa kosa ambalo hakushtakiwa nalo.

Ndiyo au hapana: kanuni dhaifu na kanuni ya jumla

Mzizi wa habari hii ni makala ya Paul Samuelson ya mwaka 1938. Alitaka kuyasoma mapendeleo ya mtu kwenye kapu lake, bila kumuuliza anapenda nini. Bibi akinunua kapu A siku ambayo pesa ile ile ingetosha kununua kapu B, amedhihirisha kwamba A kwake si duni kwa B. Siku nyingine akichukua B na huku A imo ndani ya uwezo wake, na pesa inabaki, hapo pana mgongano. Hiyo ndiyo kanuni dhaifu, na kazi yake ni kulinganisha makapu mawili mawili.

Udhaifu wake uko kwenye mizunguko mirefu. Mtu anaweza kupendelea A kuliko B, B kuliko C, kisha C kuliko A, na ukaguzi wa wawili wawili usione kitu. Hendrik Houthakker aliuziba mwanya huo mwaka 1950. Sydney Afriat mwaka 1967 na Hal Varian mwaka 1982 wakaifikisha kanuni kwenye sura inayotumika leo, kanuni ya jumla ya upendeleo uliodhihirika, ambayo wenyewe huifupisha kwa Kiingereza GARP. Uzuri wa kazi ya Afriat ni kwamba inafunga pande zote mbili. Data zikiipita kanuni hii, basi ipo hesabu ya kuridhika, yaani njia ya kulipa kila kapu alama kwa kadiri linavyomridhisha mnunuzi, inayoweza kuzieleza. Zikishindwa, hakuna hata moja. Huhitaji kukisia umbo la hesabu hiyo.

Kati ya hizi mbili uamuzi ni mwepesi. Ukiwa na bidhaa mbili tu, mizunguko mirefu haiongezi kitu, jambo alilolithibitisha Hugh Rose mwaka 1958, na ukaguzi wa wawili wawili unatosha. Bidhaa zikiwa tatu au zaidi, tumia kanuni ya jumla. Kompyuta inaimaliza kwa sekunde hata kwa mamia ya makapu, na katika programu ya takwimu iitwayo R kipo kifurushi cha revealedPrefs kinachofanya kazi hiyo.

Tatizo la zote mbili ni ukali. Mgongano wa shilingi moja unahesabiwa sawa na wa shilingi elfu. Halafu, kwa maana kamili ya takwimu, haya hata si majaribio ya kitakwimu: hayaachi nafasi ya kosa la bahati wala hayatoi uwezekano wa kuwa umekosea. Ni kama mtihani wa swali moja.

Amejipinga kwa kiasi gani?

Hapa ndipo nilipokaa na kijana kwa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo vipimo vinapotofautiana kweli. Tulitengeneza mfano. Bei si za madaftari ya bibi, ni za kufundishia, lakini mwendo wake kila mtu wa Lamu anaujua. Msimu wa upepo wa kaskazi bahari hutulia, mashua hutoka, samaki hushuka bei. Upepo wa kusi ukivuma, vyombo vidogo hukaa karibu na pwani na samaki hupanda. Fikiria miezi miwili, mmoja kutoka kila msimu:

| | Kaskazi | Kusi |
|---|---|---|
| Kilo ya samaki | Sh 300 | Sh 500 |
| Kilo ya maharagwe | Sh 150 | Sh 150 |
| Kapu lililonunuliwa | samaki kilo 2, maharagwe kilo 6 | samaki kilo 3, maharagwe kilo 3 |
| Pesa iliyotumika | Sh 1,500 | Sh 1,950 |
| Kapu la msimu wa pili kwa bei za msimu huu | Sh 1,350 | Sh 1,900 |

Tazama mstari wa mwisho. Wakati wa kaskazi kapu la kusi lingegharimu Sh 1,350, naye alikuwa na Sh 1,500, hakulitaka. Wakati wa kusi kapu la kaskazi lingegharimu Sh 1,900, naye alikuwa na Sh 1,950, hakulitaka vilevile. Amejipinga. Kanuni zinasema "ameshindwa" na kunyamaza. Vipimo vitatu vinaendelea kusema.

Kipimo cha Afriat, kilichotolewa mwaka 1973, kinauliza: tupunguze bajeti zake kwa sehemu gani ili mgongano uondoke? Upande wa kaskazi ni 1,350 kugawanya kwa 1,500, yaani 0.90. Upande wa kusi ni 1,900 kugawanya kwa 1,950, yaani 0.974. Mzunguko hukatika ukikata kiungo kimoja, kwa hiyo kipimo kinachagua kile kilicho rahisi kukatika na kumpa bibi alama 0.974. Anapoteza, kwa kusema hivyo, chini ya senti 3 katika kila shilingi.

Kipimo cha hasara ya pesa kinahesabu tofauti. Federico Echenique, Sangmok Lee na Matthew Shum ndio waliokileta mwaka 2011. Wanauliza: mchuuzi mjanja angemvuna kiasi gani? Bibi alitumia jumla ya Sh 3,450. Angeyageuza makapu yale yale, la kusi alinunue kaskazi na la kaskazi alinunue kusi, angetumia Sh 3,250. Sh 200 zimepotea, yaani asilimia 5.8 ya matumizi yake. Wao walikipima kwa rekodi za malipo ya supamaketi za Marekani, wakakuta migongano mingi lakini hasara yake ndogo.

Huyo ni mtu mmoja, na madaftari ni yale yale, lakini hasara ya pili ni zaidi ya mara mbili ya ya kwanza. Vyote viwili ni sahihi. Afriat anakitazama kiungo dhaifu cha mzunguko na kukisahau kile cha kaskazi, ambako kulikuwa na Sh 150 nzima. Hasara ya pesa inavijumlisha vyote. Mimi nikiwa na matumizi halisi ya nyumba huanza na hasara ya pesa, kwa sababu msomaji yeyote, hata bibi mwenyewe, anaelewa maana ya shilingi mia mbili. Afriat naripoti pia, kwa kuwa ndicho kipimo kilichozoeleka na bila hicho huwezi kujilinganisha na kazi za wengine. Lakini kina ila nyingine: mwezi mmoja mbovu unaweza kuiangusha alama ya miaka mitatu yote.

Utakutana pia na kizingiti cha 0.95, kwamba aliye juu yake ana mantiki na aliye chini hana. Varian alikipendekeza kama pa kuanzia. Watu wamekigeuza kuwa sheria, nami nakipinga. Kama bei hazikuyumba sana, hata mtu anayechagua kwa kufumba macho atapita 0.95.

Kipimo cha tatu ni cha Martijn Houtman na J. A. H. Maks, cha mwaka 1985: kundi kubwa kabisa la makapu yanayokubaliana bila mgongano. Ukisema "kati ya miezi 36, miezi 34 inakubaliana", umeeleweka. Hesabu yake huwa nzito makapu yakiongezeka, na hakijali ukubwa wa kosa. Hata hivyo ninakipenda kwa jambo ambalo vingine hukosa: kinakuonyesha ni miezi ipi ya kwenda kuichunguza. Mara nyingi ukifungua daftari kwenye mwezi huo utakuta harusi, au mgeni, au Ramadhani. Majaribio haya yote yanadhani kwamba mapendeleo hayakubadilika. Nyumba inayofuturisha haina mapendeleo ya nyumba ya mwezi wa kawaida, wala wiki ya Maulidi, mji ukijaa wageni, si wiki kama nyingine. Huo si utovu wa mantiki. Ni maisha mengine, na inafaa yapimwe peke yake.

Je, data zingemkamata?

Sasa nafika kwenye msimamo nilioutanguliza. Chukua nyumba ambayo kila mwaka kipato chake kinapanda kuliko bei. Kapu la mwaka huu halikuwa ndani ya uwezo wa mwaka jana, kwa hiyo mwaka jana haukudhihirisha chochote juu yake. Mistari ya bajeti, yaani mipaka ya makapu ambayo pesa ya kila wakati ingetosha kununua, haikatani. Mnunuzi huyo afanye lolote, arushe sarafu akitaka, atafaulu. Data za jumla za Marekani alizozitumia Varian mwaka 1982 hazikuonyesha mgongano, lakini nchi ilikuwa ikitajirika mwaka hadi mwaka, na kufaulu huko kulikuwa na uzito mdogo.

Dawa ilitoka kwa Stephen Bronars mwaka 1987, akijenga juu ya wazo la Gary Becker la 1962 la mnunuzi anayechagua ovyo. Unachukua bei na matumizi halisi ya bibi, unaiambia kompyuta igawe pesa ya kila mwezi kwa kubahatisha, kisha unakagua kanuni ya jumla. Unarudia mara maelfu. Sehemu ya wabahatishaji waliokamatwa ndiyo nguvu ya jaribio lako. Wakikamatwa 90 kati ya 100, kufaulu kwa bibi ni habari. Wakikamatwa 5, hujapima kitu.

Tim Beatty na Ian Crawford walilionyesha hili wazi mwaka 2011 kwa data za matumizi ya nyumba za Uhispania. Karibu nyumba zote zilifaulu, lakini wabahatishaji nao wangefaulu kwa kiwango kinachokaribia hicho hicho. Walitumia hesabu ya Reinhard Selten ya mwaka 1991, nyepesi kiasi cha kuifanya kwenye karatasi: toa kiwango cha kufaulu cha wabahatishaji kwenye kiwango cha kufaulu cha watu halisi. Jibu likikaribia 1, nadharia imefanya kazi. Likikaribia sufuri, data hazisemi.

Namna ya kubahatisha nayo ina uchaguzi ndani yake. Bronars anagawa pesa sawasawa kila upande wa mstari wa bajeti, kwa hiyo atakutengenezea nyumba inayotumia nusu ya pesa yake kwa mkaa. Makapu ya ajabu namna hiyo hukamatwa kwa urahisi na kuipandisha nguvu juu ya haki yake. James Andreoni na John Miller, katika kazi yao ya mwaka 2002 kuhusu ukarimu, walichota ubahatishaji kutoka kwenye machaguo halisi ya watu. Mimi nashauri kufanya yote mawili na kuamini lile linalotoa nguvu ndogo.

Na hapa Lamu tuna neema ambayo watu wa data za mwaka mzima hawana. Kaskazi na kusi hubadilisha bei ya samaki dhidi ya vyakula vingine bila kumwongezea bibi hata senti. Mistari ya bajeti inakatana yenyewe, kila mwaka. Ningemwambia kila mwanafunzi wa pwani: linganisha misimu, achana na miaka. Miezi ya kaskazi dhidi ya miezi ya kusi ndipo utakapopata jaribio lenye meno.

Fungu

Nilipofungua daftari la kwanza nilikuta "samaki 200", "samaki 200", "samaki 200", kurasa na kurasa, kaskazi na kusi. Kijana alifurahi akidhani bei ilikuwa thabiti. Nikamuuliza kama ameshawahi kutumwa sokoni.

Samaki wadogo hapa huuzwa kwa fungu. Bei ya fungu haibadiliki kila siku, kinachobadilika ni fungu lenyewe. Kaskazi utapata tafi wanaojaza sahani. Kusi, kwa pesa ile ile, utahesabu wachache. Na fungu la alfajiri si fungu la adhuhuri, wala la muuzaji anayekujua si la asiyekujua. Kwa hiyo safu ya bei inadanganya: mahali bei ilipopanda kwa kilo, daftari linasema imetulia. Ukizilisha data hizo kwenye jaribio bila kuzigusa utapoteza nguvu yote niliyoisifu hivi punde, au utaletewa migongano ambayo bibi hakuifanya.

Rudi kwenye mfano wetu. Tuseme zile kilo 2 za samaki wa kaskazi tulizikisia kwa macho, na kwa mizani zilikuwa kilo 2.15. Pesa iliyotumika ni ile ile, Sh 1,500. Lakini sasa kapu hilo kwa bei za kusi linagharimu Sh 1,975, na bibi alikuwa na Sh 1,950. Halikuwa ndani ya uwezo wake. Mgongano umekwisha. Gramu 150 za samaki ndizo zilizomfanya bibi aonekane anajipinga.

Ndiyo maana nalipa heshima kubwa jaribio la Varian la mwaka 1985 kuhusu makosa ya vipimo. Anauliza: ni marekebisho madogo kiasi gani ya data yanatosha kuondoa migongano yote? Halafu analinganisha marekebisho hayo na kosa ambalo tayari unalijua kwenye upimaji wako, kwa mgawanyo wa kai-mraba, kifaa cha takwimu cha kuamua kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu. Yakiwa ndani ya kosa la kawaida la upimaji, huna haki ya kumkataa mnunuzi. Hapa hatimaye unapata jaribio la kitakwimu kweli, lenye uwezekano wa kosa unaoweza kuutaja. Bei yake ni kwamba lazima ujue ukubwa wa kosa lako la kipimo. Wengi huubuni. Mwenye soko karibu yake hana sababu ya kubuni.

Kuna kosa jingine la daftari, na hili si la mizani. Mchele bibi hununua kwa gunia, mafuta kwa dumu. Wiki ya gunia itaonekana kama wiki ya wazimu. Daftari linaandika kununua, na nadharia inazungumzia kula. Samaki mbichi hawekeki ndani, ila akikaushwa akawa ng'onda huwekeka. Unganisha wiki ziwe miezi, na kwa mchele hata miezi miwili miwili, ukijua kwamba kila unavyounganisha unapunguza idadi ya makapu na nguvu inashuka.

Njia ya milinganyo

Upande wa pili wa darasa wako wanaopita njia ya milinganyo ya mahitaji, yaani hesabu zinazoonyesha mtu hununua kiasi gani kulingana na bei na kipato. Wanachagua umbo la mlinganyo, wanaukadiria kwa data, kisha wanakagua masharti ya nadharia, yakiwemo yale ya Eugen Slutsky ya mwaka 1915. Moja ni kwamba bei zote na kipato vikipanda mara mbili, kapu lisibadilike. Mfumo unaojulikana zaidi ni wa Angus Deaton na John Muellbauer wa mwaka 1980. Wao wenyewe waliujaribu kwa data za Uingereza za 1954 hadi 1974, na sharti hilo la bei na kipato likakataliwa kwa baadhi ya bidhaa.

Faida yake ni kubwa: kosa la bahati limo ndani tangu mwanzo, na unapata jibu la ziada ambalo kanuni ya jumla haikupi moja kwa moja, yaani bei ya samaki ikipanda kwa asilimia 10 watu watapunguza kiasi gani. Mwenye kuandikia idara ya uvuvi au kaunti atalihitaji hilo.

Ila jaribio likikataa, hujui limekataa nini. Huenda wanunuzi wanajipinga. Huenda umbo la mlinganyo halikuwafaa. Haya mawili huwezi kuyatenganisha. Kwa swali la mantiki peke yake mimi siitumii njia hii, na kwa mtu mmoja mwenye makapu 36 na bidhaa sita sioni hata pa kuanzia kuikadiria.

Ukiwa na watu tofauti kila mara

Yapo majaribio kwa asiye na daftari la mtu yule yule. Tafiti za taifa za matumizi ya nyumba, kama ile ya Kenya ya 2005/06 na ya 2015/16, huuliza nyumba tofauti kila awamu. Huwezi kusema nyumba fulani imejipinga, kwa kuwa hukuiona mara mbili. Yuichi Kitamura na Jörg Stoye walitoa mwaka 2018 jaribio linalouliza kama mgawanyo mzima wa makapu katika jamii unaweza kutoka kwa kundi la watu wenye mantiki, kila mmoja na mapendeleo yake. Ni hesabu nzito, na inahitaji sampuli kubwa. Kwa madaftari ya bibi haihusiki. Mwenye data za taifa asitazame kwingine.

Maabara au daftari?

Kijana aliniuliza kama si bora ayaache madaftari, awakusanye wenzake darasani. Swali zuri, na jibu langu halikuwa la upande mmoja.

Maabara yana nguvu unayojitengenezea. Wewe ndiye unayepanga bei, kwa hiyo mistari itakatana unavyotaka, na hakuna fungu wala gunia. Mwaka 2007 Syngjoo Choi, Raymond Fisman, Douglas Gale na Shachar Kariv waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, machaguo 50 kila mmoja kwenye kompyuta. Mwaka 2014 Choi na Kariv, pamoja na Wieland Müller na Dan Silverman, wakapeleka machaguo 25 kwa watu wazima zaidi ya elfu moja wa Uholanzi, na wakakuta kwamba wenye alama kubwa ya Afriat walikuwa pia na mali zaidi nyumbani. Matokeo hayo yalinigusa, kwa sababu yanaonyesha kwamba alama hii inakamata kitu kinachomfuata mtu hadi nyumbani kwake. William Harbaugh, Kate Krause na Timothy Berry walifika hadi kwa watoto mwaka 2001: wa miaka 7 walijipinga mara nyingi, lakini wa miaka 11 walikuwa tayari sawa na wanafunzi wa chuo.

Lakini mtu aliyekaa nusu saa mbele ya skrini si mtu anayepigania matumizi ya mwezi. Swali likiwa "je, akili ya mwanadamu ina uwiano?", nenda maabara. Likiwa "je, nyumba za hapa hugawa pesa zao kwa uwiano bahari inapochafuka?", maabara hayatakusaidia.

Tena kuna jambo la "nani" anayechagua. Daftari ni la bibi, lakini pesa huletwa na watoto wake wawili, na kila mmoja ana neno lake kuhusu chakula. Nyumba ya watu wengi inaweza kujipinga huku kila mmoja wao ana mantiki kamili. Laurens Cherchye, Bram De Rock na Frederic Vermeulen walitoa mwaka 2007 masharti ya kuipima nyumba ya namna hiyo. Yana ulegevu zaidi, kwa hiyo hukamata kidogo zaidi. Ningeyatumia baada tu ya kanuni ya jumla kukataa, kuona kama maelezo hayo yanatosha.

Nilichomshauri

Kwanza aondoe Ramadhani, Maulidi na miezi ya harusi, ambazo bibi anazikumbuka moja moja. Aunganishe wiki ziwe miezi. Apime nguvu ya Bronars kwa miezi ya kaskazi na kusi kabla hajaligusa chaguo hata moja la bibi. Ikiwa ndogo, aandike hivyo na asimame hapo, na mwalimu makini atampa alama nzuri kwa hilo peke yake. Ikiwa kubwa, aendeshe kanuni ya jumla, kisha aweke hasara ya pesa na Afriat ubavu kwa ubavu, na atumie Houtman na Maks kutafuta miezi ya kumuuliza bibi. Mwisho, jaribio la Varian la makosa ya vipimo, ambalo bila hilo nisingeukubali mgongano wowote unaotoka kwenye daftari la mafungu.

Kwa hilo la mwisho anahitaji kujua fungu linayumba kwa gramu ngapi. Kesho alfajiri anakwenda sokoni, pale mbele ya Ngome, na mizani ya jikoni ya mama yake. Atapima mafungu ya tafi kwanza, halafu ya changu, kwa wauzaji watatu, na atarudi tena kabla ya adhuhuri. Nimemwambia asisahau kuandika saa, na awaeleze wauzaji anachokifanya kabla hajaitoa mizani kwenye mfuko.